Meli za stoo za jeshi la majini (AKS): zilikuwa zinabeba spea tu au na vita zimeona?

Pweza Mkavu: Wakuu habari. Napitia orodha ya meli za Marekani za vita kuu ya pili nakutana na herufi AKS, mfano Castor ni AKS-1 na Pollux ni AKS-2, naambiwa hizo ni meli za stoo, kazi yake kugawia manowari spea na vifaa. Sasa manowari si ina stoo yake? Na hizi zenyewe historia yake ikoje au zilikuwa zinakaa tu bandarini?

Fundi Tabaini: Manowari inabeba vile vinavyokufa mara kwa mara, gasketi, beringi za pampu, valvu ndogo, fyuzi, basi. Haiwezi kubeba kila kitu, nafasi imeliwa na mizinga, risasi na watu. Ndo hapo AKS inakuja.

Ila mkuu usidhani ni kupakia tu na kuondoka, kutunza spea baharini ni shughuli. Beringi inapakwa grisi, inafungwa karatasi ya nta na haifunguliwi mpaka siku ya kufungwa kwenye mashine, na hapo bado mtetemo wa meli unaweza kuitia alama ikiwa imekaa tu kwenye shelfu. Mota ya akiba shafti yake lazima izungushwe kwa mkono kila baada ya muda. Mipira na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zinazeeka hata hazijatumika, kwahiyo iliyoingia kwanza itoke kwanza. Halafu kubwa kuliko yote ni kumbukumbu, storikipa akiandika shelfu siyo, hiyo spea imepotea japo imo humohumo melini, utaiagiza upya na manowari inasubiri. Mimi kwa maoni yangu storikipa mzuri ana thamani kuliko kreni.

Mzee wa Manowari: Kukaa bandarini? Castor ilijengwa kama meli ya mizigo ya kiraia ikiitwa Challenge, jeshi likaichukua 1940, na 7 Desemba 1941 Wajapani wanashambulia Pearl Harbor, kambi ya Marekani kule Hawaii, yenyewe ilikuwa palepale. Ikaja kutumika tena vita vya Korea na Vietnam.

Pollux ndo haikubahatika. 18 Februari 1942 inapeleka shehena kambi ya Argentia, Newfoundland (kisiwa cha Kanada ya leo), inasindikizwa na manowari Wilkes na Truxtun, usiku, dhoruba ya theluji, zote tatu zikapanda miamba. Wilkes ikajinasua, hizo mbili zikavunjika. Walikufa mabaharia 203, wakapona 186, na waliopona ni kwa sababu wachimba madini na wanakijiji wa St. Lawrence na Lawn walishuka kwenye magenge yenye barafu na kamba wakawavuta mmojammoja, watu wamelowa mafuta meusi mwili mzima hata sura hazionekani.

Fundi Tabaini: Na hapo kuna Lanier Phillips wa Truxtun, Mmarekani mweusi, kina mama wakawa wanamsugua wakidhani ni mafuta hayatoki. Walipoelewa wakaendelea kumhudumia kama mwenzao tu, kitu ambacho kwao alikotoka, kusini mwa Marekani, hakijui. Baadaye akawa fundi wa sona (mtambo wa kutambua vitu chini ya maji kwa sauti) jeshini, mweusi wa kwanza. Marekani nayo ikawajengea St. Lawrence hospitali, ikafunguliwa 1954.

Pweza Mkavu: Dah, sikutegemea kabisa. Sasa AKS ziliishia wapi, mbona siku hizi sizisikii?

Mzee wa Manowari: Zilimezwa. Zamani chakula kilikuwa na meli yake, spea za kawaida meli yake, spea za ndege nazo meli yake, manowari inasimama mara tatu kupokea mzigo. Mwaka 1963 ikaingia meli inaitwa Mars, AFS-1, hizo kazi tatu ikazibeba peke yake, na helikopta juu ya kushushia mizigo bila meli kusogeleana. Ukitaka kuendelea kuzifuatilia tafuta kwa herufi AFS.