Mgeni wa Novemba

*Shangazi Mwanaidi amebadilisha jina la kikundi kutoka "Mgeni wa Novemba" kuwa "Ukoo Wetu"*

Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleykum wanangu. Jina nimelibadilisha ili Salma akifungua simu asiumie. Michango ninayo yote, laki tatu na arobaini, tutaamua baadaye.

Baba Mdogo: Umefanya la maana dada. Salma, Idd, poleni. Kazi ya Mungu haina makosa. Nyie bado vijana, atawapa mwingine.

Halima: Amin

Juma: Amin 🤲

Salma: Shikamoo Shangazi. Najua nia yako njema. Ila nimerudi kutoka hospitali nimekuta kitanda kimetolewa, nguo sijui mmezipeleka wapi. Leo saa kumi alfajiri nashika simu, na huku nako kafutwa.

Salma: Baba Mdogo, huyo mwingine akija atakuwa mwingine. Mimi namlilia huyu. Ana jina, anaitwa Nasra.

Baba Mdogo: Nisamehe mwanangu. Ni mdomo wa mazoea.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mama. Narudisha sasa hivi. Nguo ninazo mimi, kwenye lile beseni la bluu lenye mfuniko. Sijagawa hata soksi. Ukizitaka nazileta, usipozitaka zitakaa.

*Shangazi Mwanaidi amebadilisha jina la kikundi kutoka "Ukoo Wetu" kuwa "Mgeni wa Novemba"*

Salma: Wifi Asha upo? Maziwa yametoka. Jana mtoto wa jirani kalia, gauni langu likalowa mpaka tumboni. Kuna mama kanishauri nijifunge kanga kwa nguvu.

Asha: Nipo wifi, nimetoka zamu. Usijifunge, yatavilia. Vaa sidiria inayokushika vizuri bila kubana, weka kitambaa cha maji baridi. Yakiuma sana kamua kidogo tu upate nafuu, usiyamalize, maana ukiyamaliza mwili unatengeneza mengine. Kuna vidonge vya kuyakausha ila kwa presha yako usinunue duka la dawa, tumuulize daktari. Titi likiwa jekundu na homa juu, nipigie hata usiku.

Asha: Na presha bado tunaipima. Hiyo haiishi siku ya kujifungua, inaweza kupanda hata wiki kadhaa baadaye. Kichwa kikigonga au macho yakiona ukungu, moja kwa moja hospitali.

Salma: Ni ile bodaboda ya kwenda sokoni?

Asha: Hapana.

Asha: Wifi, karatasi ya daktari nimeisoma mara mbili. Ni presha ya mimba, kondo la nyuma likawa halipitishi damu ya kutosha. Si bodaboda, si kulala chali, si jicho la mtu. Mwenye kukuambia vingine mlete kwangu.

Halima: Bibi kanisikia nasoma, anataka kusema. Naandika anavyosema:

Halima: "Mke mwenzangu, pole. Mwanaidi na mdogo wake wamepishana miaka sita. Kuna mmoja wenu aliwahi kuuliza kwa nini? Pale katikati yupo mtoto wa kiume. Alizaliwa miezi minane, kimya. Mama mkwe akaniambia hakulia, basi na wewe usilie. Siku ya tatu nikarudi shamba, kifua kinachuruzika. Kaburi lake sikuonyeshwa. Masheikh wanasema mtoto kama huyo atamvuta mama yake peponi kwa kitovu, nami nalishika hilo. Lakini kuonyeshwa kaburi nilitaka."

Baba Mdogo: Mama, hukuwahi kutuambia.

Halima: Anasema hamkuuliza. Sasa analia, ngojeni.

Shangazi Mwanaidi: 😢 Hela hizi zijengee kaburi la Nasra kingo, na kibao chenye jina. Kuna mwenye neno?

Juma: Hakuna. Shemeji ukipata nguvu tutakupeleka.

Juma: Kaka Idd mbona kimya? Kazini umerudi?

Idd: Jumatatu. Sheria ya kazi inatoa siku 4 za malipo ukifiwa na mtoto. Pale ofisini wananiuliza kama aliyezaliwa amekufa anahesabiwa. Nimechoka kujibu, siku hizo nimezikata kwenye likizo yangu ya mwaka.

Idd: Watu wananishika mkono wananiambia "mpe moyo mama". Sawa, nampa.

Idd: Salma, hukumuona, ulikuwa bado na dripu. Walipomaliza kumwosha niliwaomba nimfunue uso. Nywele nyingi, zimelala mbele kama zako. Kidevu changu. Kucha alikuwa nazo zote. Nilimbeba mwenyewe mpaka makaburini, mwepesi kuliko begi langu la kazini. Nimeshindwa kukuambia siku tisa.

Salma: Idd, si uko sebuleni?

Idd: Niko sebuleni.

Salma: Njoo unisimulie tena. Anza na nywele.