Uraia wa dunia shuleni: tuanzie Tendaguru, au tuachane nao?

Mleta hoja, Lindi mjini

Wadau, habari za jioni. Mwaka 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, yetu ikiwemo, zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 kila mwanafunzi awe amefundishwa haki za binadamu, amani na uraia wa dunia, yaani kujiona ni sehemu ya binadamu wote, si wa nchi yake tu. Ni lengo namba 4.7 kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, kama kuna anayetaka kulisoma. Sisi tumeanza mtaala mpya, na ndani yake kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Je, huo uraia wa dunia upewe nafasi humo, au tutakuwa tunawapotezea watoto muda?

Mimi nasema ufundishwe, ila usianzie New York. Uanzie Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, babu zetu wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha 1907, na njaa yake ilikuwa bado haijasahaulika. Leo mjusi huyo amesimama kwenye makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Muulize mtoto wa darasa la sita: ni wa nani? Wa Mchinga? Wa Tanzania? Wa Wajerumani waliomuunganisha mfupa kwa mfupa? Wa binadamu wote? Wakianza kubishana, basi somo limeanza.

Mzazi, Newala

Raia ana hati, na akidhulumiwa ana pa kushitaki. Hiyo dunia ofisi yake ya uhamiaji iko wapi? Mjusi alikwenda Ulaya bila viza. Mwanangu akitaka kumfuata ataombwa taarifa za benki.

Mwalimu wa msingi, Masasi

Mzazi umenichekesha, lakini nina langu. Kila jambo jema nchi hii linasukumiwa shuleni. Mwalimu anaitwa semina siku moja, anarudi na kalamu na bango. Bango linabandikwa ukutani, jua linalichoma, basi. Nina watoto wa darasa la nne ambao bado wanavizia herufi. Huo ubishi wa mjusi ataufanya nani, wakati aya ya mistari minne hatujaimaliza?

Mkulima, Tandahimba

Mwalimu, watoto hao hao unaowasema njoo uwaone kwenye mnada wa korosho. Wamekaa juu ya magunia pembeni ya baba zao, bei za wanunuzi zinatangazwa. Kampuni ya kwanza, bei. Ya pili, bei. Wazee wanaguna. Mmoja anapaza sauti, "Hatuuzi!" Kisha minong'ono, maana ada ya shule inasubiri na deni la salfa, dawa ya mikorosho, linasubiri. Mtoto wa miaka kumi anajua tofauti ya bei ya wiki iliyopita na ya leo, bila semina.

Asichokijua ni kwa nini. Korosho yetu nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko. Viwanda vya kubangua tulijengewa miaka ya 1970, vingi vikaishia kuwa maghala. Mimi sitaki mwanangu aimbishwe kwamba watu wote tupendane. Nataka ajue thamani inabaki wapi kati ya Tandahimba na duka la Ulaya, na nani kaamua hivyo. Kama huo ndio uraia wa dunia, leteni hata kesho.

Mzee, Nachingwea

Vijana, mnaongea kama jambo hili limeletwa na meli. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa: "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja." Na hatukuishia kukariri. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa hapa hapa Nachingwea, hadi Msumbiji ikapata uhuru 1975. Mpango wa karanga wa Waingereza nao ulitua hapa, ukafa 1951 na kutuachia matrekta ya kushangaa. Mambo yote mawili yafundishwe.

Mzazi, Newala

Shikamoo mzee. Ila undugu huo leo una mtihani wake. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, imewaka vita tangu 2017, watu wanavuka Ruvuma na vifurushi kichwani, na Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa, watu wakauawa. Mtu wa mpakani anapouliza "wewe ni nani?" si kwamba ana roho mbaya. Na wale Wamakonde wa Kwale walikaa Kenya vizazi na vizazi bila kitambulisho, mpaka walipotembea kwenda Nairobi 2016. Walikuwa binadamu muda wote huo. Kilichowasaidia ni karatasi ya serikali.

Mleta hoja, Lindi mjini

Mfano wa Kwale ndio hasa ningeupeleka darasani, mzazi. Mtoto aone kwamba ubinadamu bila karatasi unateseka, halafu ajadili hao wa Ruvuma wapokelewe vipi. Sihitaji somo jipya wala bango. Vipindi vichache ndani ya historia iliyopo vinanitosha.

Mwalimu wa msingi, Masasi

Hapo umepunguza mzigo, nashukuru. Bado kuna mtihani wa taifa. Kisichotoka kwenye mtihani hakifundishwi, na kinachotoka kinakaririwa. Swali la mjusi ni wa nani lina majibu manne, na kila jibu lina utetezi wake. Msahihishaji atampa tiki nani?