Siku tano Slovenia pamoja na mama asiyeweza ngazi nyingi: twende wapi?

BintiTanga:
Habari zenu, wanajukwaa. Ninaishi Munich, na mwishoni mwa Mei mama yangu atakuja kunitembelea kutoka Tanga. Ameshanieleza waziwazi kwamba hataki kuzungushwa madukani. Anataka kuona vijiji, milima na maji. Nimeichagua Slovenia kwa sababu ni nchi ndogo, yenye kilomita za mraba 20,000 na ushei tu, na kwa gari tunaweza kuondoka hapa asubuhi tukafika mapema mchana. Tatizo ni goti lake la kushoto: mahali pa tambarare anaweza kutembea hata saa nzima bila kulalamika, lakini ngazi nyingi humtesa. Karibu kila picha ninayoiona ni ya ziwa Bled na kile kisiwa chenye kanisa. Je, tukae huko siku zote tano, au kuna pengine panapomfaa zaidi? Jambo lingine ni kwamba mama alikulia karibu na mapango ya Amboni, naye ameniuliza kama mapango ya huko yanayazidi yale ya kwao. Nimeshindwa kumjibu.

MkaziWaGraz:
Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi niko jirani na mpaka wa nchi hiyo, nami huvuka kila mwaka.

Kwa maoni yangu, Bled inatosha nusu siku. Ni pazuri kweli, na njia ya kulizunguka ziwa, yenye urefu wa kilomita 6 hivi, ni tambarare, kwa hiyo mama anaweza kutembea kipande anachokipenda akapumzika kwenye mabenchi. Zile mashua za kwenda kisiwani, ziitwazo pletna, huendeshwa na mpiga makasia aliyesimama nyuma, na hilo peke yake ni jambo la kutazama. Jihadharini tu na jambo ambalo picha hazilionyeshi: kutoka gatini hadi kanisani kuna ngazi 99. Watu huzipanda ili wakapige kengele na kuomba haja ya moyo; mama anaweza kukutuma wewe ukamwombee, yeye akabaki chini.

Mahali pa kulala ni Bohinj, mwendo wa nusu saa hivi kutoka Bled, ndani ya hifadhi ya Triglav. Hilo ndilo ziwa la asili la kudumu lililo kubwa kuliko yote nchini, lakini kingo zake hazikujengwa sana, na asubuhi na mapema maji hutulia kiasi kwamba milima huonekana mara mbili. Pangeni chumba katika kijiji cha Stara Fužina, kisha mwende Studor, kijiji cha jirani, mkaone vichanja vya mbao vya kukaushia majani ya mifugo. Vichanja hivyo vina mapaa kama nyumba, vimepangwa mstari mmoja pembeni mwa kijiji, na wenyeji wanavionea fahari kama vile sisi tunavyoionea fahari milango ya kuchonga. Msimpeleke kwenye maporomoko ya Savica, kwani njia yake ina ngazi zaidi ya 500. Akitaka kuona milima kutoka juu, kuna gari la waya linalopanda Vogel hadi mita 1,535, ingawa ni vema kuhakikisha kwanza kwamba linafanya kazi katika wiki mtakayokwenda.

Upande wa karatasi, visa ya Schengen inamtosha, maana Slovenia imo katika eneo hilo tangu 2007. Hata hivyo bebeni pasipoti, na mlipie ada ya barabara kuu za Austria na za Slovenia kabla ya kuvuka.

MwalimuWaJiografia:
Ninaomba nijibu la mapango. Kusini-magharibi mwa Slovenia kuna uwanda wa mawe ya chokaa uitwao Kras, na ni kutokana na jina hilo ambapo wanajiolojia wa dunia nzima wamepata neno karsti. Maji ya mvua huliyeyusha jiwe hilo polepole, mito hutumbukia ardhini, na huko chini hufunguka kumbi na njia ambazo jicho la juu halizioni. Amboni nayo ni ya mawe ya chokaa, kwa hiyo mwambie mama kwamba anakwenda kuwatembelea ndugu wa mapango yake. Kwa ukubwa, ndugu hao wameyazidi ya Amboni.

Wageni wengi huchagua kati ya mawili. Škocjan, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1986, ndilo ninalolipenda mimi: mto Reka unaingia chini ya mwamba, unanguruma ndani ya korongo lenye giza, nawe unauvuka kwa daraja lililo zaidi ya mita 40 juu ya maji. Mto huo huonekana tena upande wa Italia, baada ya kusafiri makumi ya kilomita chini ya ardhi. Lakini humo ngazi ni nyingi mno, na kwa goti la mama sithubutu kulipendekeza.

Nendeni Postojna. Mfumo wake wa mapango una urefu wa kilomita 24, na sehemu kubwa ya njia ya wageni hupitwa kwa treni ndogo. Reli iliwekwa mwaka 1872, na siku hizo waongozaji walivisukuma viberenge kwa mikono. Sehemu ya kutembea kwa miguu ina miinuko na miteremko ya kiasi, si ngazi za kuvunja magoti. Humo ndimo anamoishi proteus, mnyama wa jamii ya salamanda (jamaa wa chura mwenye mkia), mweupe, asiyeona, ambaye wenyeji humwita samaki-mtu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Ndani kuna nyuzi joto 10 hivi mwaka mzima, kwa hiyo khanga haitoshi.

DerevaWaMilimani:
Ninakubaliana na hayo yote, ila mmeusahau mto Soča, na mimi ningeikata Bled kabisa kabla ya kuukosa huo. Rangi ya maji yake ni ya kijani kama zumaridi, na si picha iliyorekebishwa. Njia maarufu ya kuufikia ni kupitia Vršič, njia ya kuvuka milima yenye kona kali 50, barabara iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kirusi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadhi yao walifukiwa na poromoko la theluji mwaka 1916, na kanisa dogo la mbao lililojengwa kuwakumbuka bado liko kando ya barabara. Kwa mzee asiyezoea kona, njia hiyo ni adhabu. Kwa kuwa mtalala Bohinj, kuna jambo bora zaidi: kutoka Bohinjska Bistrica kuna treni inayobeba magari. Mnaliingiza gari lenu juu ya behewa, mnapita ndani ya handaki la zaidi ya kilomita 6, na mnashuka Most na Soči. Angalieni ratiba mapema, kwani safari zake ni chache kwa siku. Kutoka hapo mnaufuata mto hadi mji mdogo wa Kobarid, mkisimama popote mama anapotaka kukaa na kutazama.

BintiTanga:
Ahsanteni sana nyote. Nimepanga hivi: siku tatu Bohinj, Bled tukiwa njiani, siku moja ya Soča kwa hiyo treni ya magari, na Postojna mwishoni. Jana nilimsomea mama majibu haya kwenye simu. Kengele ya kisiwani amesema nisiipige kwa niaba yake, kwa kuwa hajui nitaomba nini. Pango amelikubali, ila sweta atalichagua mwenyewe.