Fundi kakata kibati cha onyo kwenye pedi ili mlio uishe, nikashuka Newala na watoto breki zinasaga chuma

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Gereji siitaji jina. Ipo hapa hapa Mtwara mjini na kila siku inaingiza magari ya watu wenye familia kama mimi.

Gari ni RAV4, ndiyo inayopeleka watoto shule na mama mkwe kliniki. Nakaa Shangani, linalala nje, na upepo wa chumvi wa huku mnaujua. Breki kukwaruza asubuhi mara mbili tatu halafu zikaacha, hilo kwetu watu wa pwani ni la kawaida, ni kutu nyepesi ya usiku inayofutika kwenye diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi. Huu wangu haukuacha. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, tairi la mbele kulia, kila nikigusa breki.

Nikapeleka gereji. Fundi akafungua tairi, akachungulia kwa juu, akanionyesha pedi ya nje (pedi ziko mbili, ya nje na ya ndani, ndizo zinazobana diski ukikanyaga breki): "Bosi, ona hii, bado nene kabisa. Ni vumbi tu, nakufanyia sevisi." Akaniambia nikakae kwenye benchi kivulini. Baada ya nusu saa akaniita, tukazunguka naye mtaa mzima, kimya. Nikalipa elfu 30. Nikamshukuru na kumshukuru!

Wiki saba baadaye tumetoka kwenye msiba Newala, tunashuka kuelekea Masasi. Mama watoto yupo mbele, watoto watatu na bibi yao nyuma. Mteremko ule anayeujua anaujua. Kona ya kwanza nikakanyaga breki nikasikia grrrr, na si masikioni tu, naisikia mpaka kwenye unyayo, pedeli inatetemeka. Kona ya pili ikawa zaidi, gari linavuta upande. Mtoto wa katikati akauliza, "Baba, nini kinavunjika?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nikashusha gia mpaka L, nikaiacha injini ilishike gari, breki nikawa nagusa pale tu pasipo na ujanja. Tulishuka mwendo wa baiskeli. Bibi yao alikuwa anasali kwa sauti njia nzima.

Kufika chini nikasogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa. Ya kushoto ina joto la kawaida. Ya kulia inaunguza, inanuka, na imejaa unga unaong'aa kama fedha. Ule si unga wa pedi, ni chuma cha diski.

Pale Masasi nikampata fundi mmoja mzee, nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakuniambia nikakae benchi. Aliniambia, "Mwanangu, chuchumaa hapa uone." Pedi ya nje ilikuwa nene vile vile. Ya ndani, ile inayokaa upande wa pistoni inayoisukuma, ilikuwa imeisha yote, limebaki bati tupu linalosaga diski. Chuma kwa chuma. Diski ina mifereji ambayo ukucha unazama.

Kwa nini ya ndani tu? Alishika kalipa, kile chuma kinachoshika pedi zote mbili na kuzibana, akajaribu kuitelezesha, haisogei. Kalipa ya aina hii inatembea juu ya pini mbili. Pini ya chini mpira wake ulichanika, maji na mchanga vikaingia, ikashika kutu. Pini ikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, na haiachii diski vizuri hata ukitoa mguu. Ndiyo maana anayechungulia pedi ya nje tu anakudanganya, hata kama anajidanganya na yeye.

Sasa sikilizeni hili. Ile pedi ya ndani ina kibati kidogo pembeni, kimewekwa makusudi kiguse diski pedi ikibaki kama milimita 2 au 3, kilie, ili mwenye gari ajue. Mzee akaipangusa kwa kitambaa akanionyesha: kibati hakipo. Hakikuvunjika, kimekatwa. Alama mbili za plaizi zimekutana katikati, safi kabisa. Yaani yule bwana aliiona pedi imeisha, gari likimpigia kelele kwamba imeisha, akalikata ulimi akachukua elfu 30 yangu!

Kazi yenyewe ya kutengeneza haikuwa ya ajabu. Pini zikatolewa, zikapigwa msasa laini, zikapakwa grisi ya breki inayovumilia joto (ile grisi ya kawaida inavimbisha mipira), mipira mipya, pedi mpya kulia na kushoto kwa pamoja. Diski haikuchongeka, ilikuwa imeshuka chini ya kipimo kilichoandikwa kwenye diski yenyewe, kwa hiyo jozi ikaagizwa Dar ikaja na basi, tukalala Masasi. Kabla ya kuondoka akanipampisha pedeli mpaka ikawa ngumu, kisha akaniambia kwa siku za kwanza nisimame taratibu, nisikanyage kwa nguvu bila sababu.

Niliporudi Mtwara nilienda gereji na pedi mkononi. Unajua alichonijibu? "Bosi, wewe si ulilalamika mlio? Mlio si uliisha?" Mbele ya vijana wake. Mwenye gereji ananiambia nije Jumamosi tuyaongee. Tuongee nini? Nataka gharama ya diski, pedi na ufundi, yote, na nataka yule mtu asiguse breki za mtu mwingine. Angesema pedi zimeisha ningelipa siku ile ile, hata kwa kukopa.

Pedi ninayo, imefungwa kwenye mfuko, Jumamosi naenda nayo. Na wewe uliyepo Mtwara, Mikindani au Lindi, kama miezi ya karibuni ulilipia fundi akuondolee mlio wa breki bila kubadilisha pedi, vua tairi leo. Angalia pedi ya ndani, na angalia kama kibati chake bado kipo.