Siku tatu na mzee wangu: Kolo, Ruaha au Singida?

Mwana wa Kizota
Mbukwenyi wana jamvi. Baba yangu ametimiza miaka 74. Albamu yetu ya nyumbani ililiwa na mchwa, na picha yake pekee iliyosalia ni ile ndogo ya kitambulisho cha kazi, alipokuwa reli. Pasaka hii nina siku tatu. Nataka nimtoe mjini Dodoma nimpige picha ambazo wajukuu watazishika mkononi. Nina kamera ya kuazima na gari dogo la chini. Nimebaki na njia tatu: michoro ya mapangoni Kolo, mbuga ya Ruaha kupitia Mtera na Iringa, au Singida kwenye maziwa. Mzee anatembea vizuri ila goti la kulia linamsumbua. Mliokwenda, mlirudi na nini?

Mrangi wa Kondoa
Karibu nyumbani, kaka. Kolo ipo kando ya barabara kuu ya Babati, ukishaipita Kondoa mjini, na lami imefika. Unaanzia ofisi ya pale pale, unalipa, unapewa wa kukuongoza. Maeneo yenye michoro yanazidi 150, na tangu 2006 yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Usidhani utayaona yote. Mapango matatu tu yanakumalizia siku.

Utakachokiona ni watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vikubwa kama wamesuka nywele za ajabu, pamoja na twiga, tembo na pofu. Michoro myeupe ni ya baadaye, inanasibishwa na wakulima. Kuna ule wa watu watano, wa katikati ni kama anavutwa huku na huku. Mary Leakey, aliyeinakili michoro ya huku miaka ya 1950, aliona ni mwanamke anayetekwa. Wapo wataalamu waliokuja baadaye wakasema ni ngoma ya uganga. Mimi nimesimama pale mara nne na kila mara naona kitu kingine.

Sasa goti la mzee. Kupanda kwenda Mungumi, mojawapo ya mapango hayo, ni mawe na mwinuko mkali, na gari lako litaishia mbali. Nakuambia ukweli ingawa ningependa sana uje kwetu.

Dada Lenzi
Naongeza kwa aliyekwenda na kamera: kule mwanga ni wa kivuli, picha za watu zinatoka nyeusi usoni na jiwe linang'aa nyuma. Asubuhi ni afadhali. Halafu jambo linaloniuma: usimruhusu mtu yeyote amwagie mchoro maji ili rangi ikolee kwenye picha. Watu walifanya hivyo miaka na miaka, na kila maji yalipokauka yaliacha chumvi juu ya rangi. Taa ya kamera nayo izime. Na Mungumi watu bado wanakwenda kutambika, kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Ukikuta shughuli, weka kamera begini.

Dereva wa Mtera
Mimi napita njia ya Iringa kila wiki. Safari yenyewe ni nzuri: unatoka Dodoma kwenye vichaka vikavu, unashuka Mtera, maji yanatanda mbele yako, samaki wa kukaanga kando ya barabara. Piga picha za wavuvi kwa ruhusa yao, lakini ukutani pa bwawa usitoe kamera, pana ulinzi. Ukifika Iringa mpeleke mzee Isimila, njia ya Mbeya, dakika chache tu kutoka mjini. Zile nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko hazina mfano, na chini yake yapo mashoka ya mawe ya watu wa kale. Kalenga pia ipo karibu, kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa 1954.

Ila Ruaha kwenyewe, Pasaka, siishauri. Ni zaidi ya kilomita 100 nyingine kutoka Iringa na sehemu kubwa ni vumbi au tope. Nyasi zinakuwa ndefu, maji yapo kila mahali, wanyama wanatawanyika. Subiri kiangazi, Agosti au Septemba, wanapokuja wenyewe mtoni. Kwa siku tatu mzee atakuwa amekaa garini tu.

Mama Zabibu
Wanangu, mnamchagulia mtu mzima safari bila kumuuliza. Mimi watoto wangu walinipeleka mbugani, wakanipiga picha nimesimama kando ya gari la watu, tembo kwa mbali kama punje. Picha ninayoipenda ni ile niliyopigwa Hombolo, nimeshika kisu cha kukatia zabibu, shambani kwangu. Muulize baba yako anataka kuonekana wapi.

Mnyaturu 77
Mama kasema kweli, shikamoo mama. Kwa upande wa kwetu: Singida ni lami mwanzo mwisho, kama kilomita 240, gari dogo linafika bila shida. Maziwa ya Singidani na Kindai yameukumbatia mji, huhitaji kupanda chochote. Maji ni ya chumvi, na heroe wakiwapo ufuo wote unakuwa wa waridi, ingawa hawana miadi na mtu. Mawe makubwa ya mviringo yamebebana ukingoni. Mkalishe mzee juu ya lililo chini, saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa maji. Na msimu huo njiani alizeti huwa imechanua.

Swali: mzee alipokuwa reli, alikuwa kituo gani?

Mwana wa Kizota
Mama, shikamoo. Nimemuuliza jana usiku. Alinyamaza kidogo akasema: "Nipeleke Saranda." Alikaa pale miaka sita kabla sijazaliwa. Sikuwahi kujua.

Mnyaturu 77
Basi imekwisha! Saranda ipo kwenye njia hiyo hiyo, kabla ya Manyoni. Nani aliyesafiri na treni ya Kigoma asikumbuke kuku wa Saranda? Mkipita Kintinku anzeni kuuliza. Muone stesheni masta kwanza kabla ya kutoa kamera.

Mwana wa Kizota
Tumerudi jana. Singidani tulifika, heroe walikuwa wachache, mzee alikaa juu ya jiwe kama mlivyosema na picha imetoka safi, maji yana rangi ya shaba.

Lakini Saranda ndiko tulikokaa. Tulipanga nusu saa, tukatumia saa nne nzima. Treni haikuwapo siku hiyo, jukwaa lilikuwa tupu. Mzee alinionyesha walipokuwa wanapanga mabeseni ya kuku akina mama, na jinsi walivyojua kwa mngurumo kama treni inatoka Tabora au inapanda kutoka Dodoma. Goti hakulitaja hata mara moja. Mama mmoja mwenye umri wake alimtazama sana, akamwita kwa jina la utani ambalo sijawahi kulisikia nyumbani. Nikawapiga picha wakiwa wameshikana mikono, wote wawili wanatazama reli, hakuna anayetazama kamera.

Dada Lenzi, jua lilikuwa la utosini na nyuso zina vivuli, najua. Nimezisafisha studio leo asubuhi, nikamtandazia mezani kumi na mbili. Ile ya ziwani aliisifu, akaisogeza pembeni. Hii ya Saranda ameomba nakala mbili, moja yake na moja ya yule mama. Nyuma ya ile ya mama ameandika mwenyewe, kwa kalamu, mwaka aliohama.