Gumzo la ukoo: mgeni kasema "I'm good", nimtilie au nisimtilie?

Fatma: Asalaam alaykum nyote. Ami Haji, nna suala. Leo hotelini nimepita na jagi la juisi ya ukwaju, nikamuuliza mama mmoja wa Kimarekani kama nimwongeze. Katabasamu, "I'm good." Mie nauliza juisi, yeye kanambia hajambo?

Khamis: Hataki huyo.

Bibi: Waalaykumu salaam. Si kasema yu mzuri? Mtilie mwanangu, mgeni hanyimwi.

Ami Haji: Waalaykumu salaam. Mama, hapo asimtilie 🙏🏾 Fatma, tazama kwanza wewe umeuliza nini. Ukiuliza "How are you?", basi "I'm good" ni hali yake, hajambo. Lakini ukimpa kitu, juisi, mkate, mfuko wa kubebea, hiyo ni hapana ya adabu: alichonacho kinamtosha. "No" peke yake anaiona kavu. Mara nyingi utasikia na "thanks" nyuma yake. Waingereza wengi hapohapo husema "I'm all right, thanks" au "I'm fine". Zote kukataa.

Bibi: Kumbe kama mtu kukaribishwa chakula akajibu "starehe".

Ami Haji: Hasa mama! Akishasema starehe, hakuna anayemletea sahani.

Zuhura: Sisi skuli tukisema "I'm good" tunasahihishwa. Mwalimu akisema "good" ni tabia ya mtu, si afya, tuseme "I'm fine".

Ami Haji: Wapo Waingereza wanaoshikilia hivyo mpaka leo, wanataka "I'm well". Mie siwaungi mkono. Baada ya "am" sifa inakaa vizuri tu, mbona tunasema "I'm happy"? Kwenye mtihani andikeni "fine" msalimike. Mdomoni "good" ni ya kila siku, Marekani zaidi.

Khamis: Ila sisi watembeza wageni tuna mtego mwengine. Ikija "with that" maana inageuka. Umemwambia mgeni tuondoke saa 2 asubuhi, twende msitu wa Jozani tukawaone kima punju, naye akajibu "I'm good with that": kakubali huyo, usivunje safari! Na "I'm good to go" yuko tayari, mwite dereva.

Fatma: Kwa hiyo nikimpa kitu akasema "I'm good" tupu, hataki. Nikimpa shauri akasema "I'm good with that", kakubali?

Ami Haji: Ndivyo. Ukiwa na shaka muulize kwa upole, "No more juice?" Hachukii mtu. Lakini usimshurutishe kama tunavyoshurutishana majumbani. Kwetu ule ni ukarimu, yeye akishakataa mara moja kamaliza, ukirudia rudia unamtia tabu.

Bibi: Mara moja tu! Maskini, watu wataondoka na njaa.

Fatma: Ami, na "Are we good?" Kuna babu mmoja kanigonga trei kwa bahati mbaya, akaniuliza hivyo.

Ami Haji: Anataka kujua kama humwekei kinyongo. Mjibu "Yes, we're good", na tabasamu.

Fatma: Ahsante ami. Kesho namtafuta wakati wa chai nimjibu.