Anayemsingizia mwenzake kesi ya kunajisi, afungwe miaka mingapi?

MLETA MADA
Wanajamvi, hamjambo. Naomba tulijadili hili kwa upole, kwa sababu limeingia nyumbani kwetu.

Mjomba wangu alikaa rumande miezi tisa kwa kesi ya kunajisi. Aliyetajwa kuwa amenajisiwa ni mtoto wa jirani, na kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na ugomvi wa mpaka: mstari wa minyaa tu. Mtoto aliposimama mahakamani akaulizwa ni nani aliyemwambia aseme vile. Akamtazama babake, kisha akainamisha macho sakafuni. Kesi ikaanguka. Mjomba alikuta mbuzi wote wameuzwa kumlipa wakili, na mpaka leo akipita karibu na shule kina mama huwaita watoto wao ndani. Yule baba alirudi kwake jioni ile ile, asubuhi akaendelea na palizi.

Tangu hapo ndugu zangu wanasema kifungu cha 38 kirudishwe. Kwa wasiokijua: Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006, iliyofikishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, mbunge wa wakati huo, ilisema anayemsingizia mtu kosa lililo ndani yake atapata adhabu sawa na ya kosa lenyewe. Kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha; wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Kwa hiyo msingiziaji naye angekula hiyo hiyo. Kifungu kilifutwa 2012.

Mimi, pamoja na uchungu wote nilio nao, nasema kisirudi. Kilimgusa mtu yeyote atakayetoa tuhuma ya uongo, na mahakamani tuhuma ilitoka kinywani mwa mtoto. Aliyekaririshwa maneno kwa kuogopa kiboko amedhulumiwa kama mjomba alivyodhulumiwa.

Tena sheria zipo. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinamshika anayempa mtumishi wa umma habari anazojua ni za uongo ili amuumize mwingine: hadi miaka 3. Kiapo cha uongo mahakamani ni hadi miaka 7, na anayemshawishi shahidi adanganye anaingia humo humo. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua faili la pili. Tulipoenda kituoni tuliambiwa, "Si mmeshinda? Nendeni mkamshukuru Mungu." Mnasemaje?

MWANA WA PWANI
Pole sana kwa mjomba. Ila nakupinga. Mtu ametaka mwenzake aozee gerezani miaka 20, yeye atishiwe 3? Kwenye Qurani, Sura An-Nur aya ya 4, anayemsingizia zinaa mwanamke anayejihifadhi asilete mashahidi wanne, ni mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Ulimi ulipewa uzito wake. Na kwa sheria yetu, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa neno la mlalamishi peke yake katika makosa haya, mradi iridhike kuwa anasema kweli na iandike sababu. Neno lenye nguvu hiyo haliwezi kuwa la bure.

MAMA PACHA
Kaka yangu, mimi nilikuwepo kituoni kifungu hicho kilipokuwa hai. Binti wa dada yangu alikuwa na miaka kumi. Afisa alimwambia dada, "Unajua ukishindwa utafungwa wewe, maisha?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anatueleza sheria kama alivyoielewa. Dada aliikunja ile fomu ya P3, ya polisi ambayo daktari huijaza, mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso, tukarudi nyumbani. Haikujazwa mpaka leo. Yule mtu tunakutana naye sokoni.

Halafu watu wanachanganya mambo mawili. Kesi kuanguka si ushahidi kwamba mlalamishi aliongopa. Daktari hakuja kutoa ushahidi, imeanguka. Faili limepotea, imeanguka. Wazee wamekaa wakapokea mbuzi, shahidi hatokei, imeanguka. Kila mama mwenye kesi kama hizo angekuwa anajiuliza kama zamu yake ya kizimbani imefika.

MWANA WA PWANI
Mama Pacha, pole, na hilo silibishi. Basi msingiziaji ashtakiwe kwa kesi yake mwenyewe, ithibitishwe upya pasipo shaka. Lakini 3 bado ni michache.

MLETA MADA
Hapo tunakaribiana. Mimi ningeiongeza kwa mtu mzima anayemkaririsha mtoto, na huyo tu, mtoto asiguswe. Tena hakimu aliyeuona uongo kwa macho yake aamuru faili liende kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, isiwe ni sisi wa kuzunguka vituoni. Dada yako, Mama Pacha, hakuna ambacho angeogopa katika sheria ya namna hiyo.

Jana nilimsomea mjomba haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye hata hataki mtu afungwe. Anataka yule baba asimame kwenye baraza la chifu, mbele ya watu wale wale waliomwona akitiwa pingu, aseme kwa sauti kwamba aliongopa. Wanaojua sheria humu, je, kuna njia ya mahakama kumwamuru hivyo?